Wageni Wawili wa Mugere

Huko Mugere, kusini kidogo mwa Bujumbura, lipo jiwe lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Sisi huwaita wote wawili Wazungu. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba mmoja alileta maadili ya Ulaya na mwingine ya Marekani, ingawa mwenyeji hakunufaika na tofauti hiyo.

Kwanza, David Livingstone. Alizaliwa Uskoti mwaka 1813, akafanya kazi katika kiwanda cha pamba tangu utotoni, kisha akawa daktari na mmisionari. Alikuja kutafuta chanzo cha Mto Nile na kupinga biashara ya watumwa. Alithamini dini, elimu na subira. Alikaa miaka bila kuonana na ndugu zake. Lakini alipoishiwa chakula na dawa, aliyemsaidia mara nyingi alikuwa mfanyabiashara wa watumwa.

Pili, Henry Morton Stanley. Alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, na jina jipya alijipatia Marekani. Huko, kwa maoni yangu, mtu hakuulizwa sana ukoo wake. Aliulizwa anaweza kufanya nini, na kwa haraka gani. Alitumwa na gazeti la New York Herald, ambalo kwake habari ni bidhaa. Aliingia Ujiji na bendera ya Marekani mbele ya msafara. Hata hivyo, chakula cha njiani hakikununuliwa kwa bendera, bali kwa shanga na kwa nguo ya merikani. Watu wa huku walivaa Marekani kabla ya kumwona mjumbe wake. Na kabla ya mwaka 1865, pamba ya nguo hiyo ililimwa na watumwa, katika nchi iliyojisifu kwa uhuru.

Kwa hiyo kila upande ulikuwa na maadili mazuri mdomoni na deni mkononi.

Tatu, tuangalie walipokubaliana. Mukamba, mtawala aliyewapokea, hayumo kwenye jiwe. Susi na Chuma, waliomtumikia Livingstone mpaka kifo chake mwaka 1873, hawamo pia. Na katika Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, Stanley alikaa na ujumbe wa Marekani kama mshauri, huku akimtumikia Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Mipaka kati ya Marekani na Ulaya ilikuwa imefutika. Burundi ikatawaliwa na Wajerumani, kisha Wabelgiji.

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa maoni yangu, thamani ya jamii yoyote ipimwe kwa hali ya mwenyeji baada ya mgeni kuondoka. Kwa kipimo hicho, wageni wale wawili wanafanana kuliko vitabu vyetu vinavyosema.