Sasa Besi Kapiga Nani?

Kwa wapenzi wa muziki wa dansi, "solo" ni gitaa. Kuna solo, kuna ridhim, kuna besi. Ukimwambia mzee wa Katesh kwamba mpiga besi ametoa albamu ya solo, atakuuliza: sasa besi kapiga nani?

Swali hilo lina historia yake. Kwetu, chini ya Mlima Hanang, dansi lilitufikia kwa redio ya betri. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyozirekodi bendi na ndiyo iliyozirusha hewani. Lakini kispika kidogo hakiwezi sauti nzito. Uzi mnene wa besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na redio zetu hazikufika huko chini. Tulisikia waimbaji, tarumbeta na solo. Besi tuliikisia tu. Ndiyo maana Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo wa Morogoro Jazz, kila mtu anamjua. Mtaje Suleiman Mwanyiro, aliyepiga besi Mlimani Park Orchestra, yaani Sikinde, uone watu watakavyokutazama.

Sikinde ilianza 1978. Miaka miwili kabla, huko Marekani, kijana wa miaka 24 kutoka Florida, Jaco Pastorius, alitoa albamu iliyobeba jina lake tu. Kwenye besi yake alikuwa ameving'oa vile vyuma vidogo vya shingoni, ili noti ziteleze kama sauti ya mtu. Anafungua na "Donna Lee", tuni ambayo Charlie Parker aliirekodi 1947 kwa saksafoni. Jaco anaipiga kwa besi, pembeni yupo Don Alias na konga zake, basi. Kwenye "Portrait of Tracy" amebaki peke yake: anazigusa nyuzi kidogo tu, zinalia kama kengele.

Niliisikia albamu hiyo ukubwani, kwa hedifoni. Kisha, kwa hedifoni zilezile, nikarudi kwa Sikinde. Jamani! Besi ilikuwepo muda wote, inawajibu waimbaji, inanyamaza kidogo, inarudi.

Jaco alifariki 1987, ana miaka 35, baada ya kupigwa nje ya klabu. Jina lake lilibaki kwenye jalada. Kwetu wimbo ulitajwa kwa bendi, mtunzi na mwimbaji, na wanaokumbuka waliokuwa nyuma yao wanazidi kupungua. Mzee wa Katesh aliuliza sawasawa. Tumuulize na sisi, tuandike majibu: sasa besi kapiga nani?