Daraja Lisilokuwa la Rusumo

Mwezi wa Aprili mwaka 2024, ilipotimia miaka 30 tangu wakimbizi wa Rwanda walipofurika kuingia Ngara, mjukuu wangu anayesoma chuo huko Mwanza alinitembelea. Alinipa shikamoo, akaketi, tukaulizana habari za safari, kisha akatoa simu yake. "Babu, tazama. Rusumo, mwaka tisini na nne."

Nilivaa miwani nikaitazama. Umati mkubwa wa watu ulikuwa ukivuka daraja la mawe lenye matao marefu. Chini yake mto ulikuwa umetulia kama bwawa. Mbele alikuwapo mama mmoja mwenye kilemba kikubwa, jua la jioni limemwangukia usoni, na chozi moja limesimama shavuni. Ilikuwa picha nzuri, sikatai. Nilimrudishia simu nikamwambia kwamba hapo si Rusumo.

Sihitaji utaalamu wowote kulijua hilo. Daraja la zamani la Rusumo lilikuwa jembamba, halikuwa na tao la mawe hata moja. Maporomoko ya Mto Kagera yako pale pale ubavuni mwake, na mtu hawezi kusimama hapo asisikie ngurumo ya maji. Daraja jipya lililo pana, ambalo Rais Magufuli na Rais Kagame walilifungua mwezi wa Aprili 2016, nalo halifanani na lile la kwenye simu. Mjukuu aliulizauliza kwa wenzake, na kesho yake akaniambia kuwa picha ile haikupigwa na mtu. Ilitengenezwa na akili mnemba. Mtu ameandika maneno machache, mashine ikamletea picha. Huenda hata aliyeianza hakukusudia kumdanganya yeyote. Walioipokea na kuipeleka mbele ndio waliodondosha maelezo yake njiani.

Basi niliingia ndani nikatoa bahasha yenye picha yangu, niliyoipiga mwenyewe Benaco mwezi wa Mei 1994. Niliitoa kwa fahari kidogo, kama mzee anayetoa ushahidi wake wa mwisho. Kijana aliishika kwa adabu, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na hii, babu, nitajuaje kuwa ni ya kweli?"

Swali hilo halikuwa la utovu wa adabu. Sikuwa na jibu la haraka, na kurasa hizi naziandika kwa sababu hiyo.

Wengi wa waliozaliwa baadaye hawajui ukubwa wa jambo lenyewe. Tarehe 28 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja lile jembamba kuingia Tanzania. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema wakati ule kwamba halijapata kuona watu wengi kiasi hicho wakikimbia kwa kasi kiasi hicho. Waliwekwa Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kitaliani iliyojenga barabara. Baadaye ziliongezwa kambi za Lumasi, Musuhura, Kitali na nyinginezo, na Lukole kwa ajili ya Warundi, ambao walikwisha anza kuja tangu Rais Ndadaye alipouawa mwezi wa Oktoba 1993. Wageni wakawa wengi kuliko wenyeji. Milima iliyokuwa na miti ikabaki vipara kwa ajili ya kuni. Chini, mto ulikuwa ukileta maiti kutoka juu, ukizipeleka Ziwa Victoria hadi fukwe za Uganda. Sisi Wahangaza tulikuwa na mzigo wa ziada, maana lugha yetu ni ndugu na Kinyarwanda na Kirundi. Tuliyasikia yote waliyokuwa wakisema barabarani, hata yale ambayo wazungu wa mashirika walihitaji mkalimani.

Mimi wakati huo nilikuwa mpiga picha. Kazi nilijifunza Biharamulo katika miaka ya 1980, kwenye studio ya mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Nyuma ya kiti palikuwa na pazia lililochorwa ndege ya abiria na minazi, ingawa bahari iko mbali mno na Biharamulo. Palikuwa na koti moja la kuazima, na saa ya mkononi isiyotembea. Mkulima wa pamba aliingia na kandambili, akatoka katika picha akiwa bwana mwenye koti na saa anayesubiri ndege. Mzee alinifundisha pia kuchonga penseli laini na kuondoa chunusi na makovu juu ya mkanda kabla ya kusafisha picha. Uongo ulikuwapo tangu hapo, tena tulilipwa kwa ajili yake. Lakini mwenye picha aliujua, aliyetumiwa picha aliujua, na hakuna mchumba aliyepata kudai aonyeshwe ndege. Nyuma ya kila picha tuligonga muhuri wa studio. Mwenye malalamiko alijua mlango wa kubisha.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi nasikia watu wakilia kwamba zamani picha zilikuwa kweli tupu na sasa mashine imeziharibu. La hasha. Hata Benaco picha zilidanganya bila mashine yoyote. Ziko picha mashuhuri za lundo la mapanga waliyonyang'anywa wakimbizi na askari wetu mpakani. Mapanga yale yalikuwa ya kweli. Lakini panga kwetu ni chombo cha shambani. Limo katika kila nyumba ya Ngara mpaka leo. Katika lundo lile yalikuwamo yaliyoua, na yalikuwamo yaliyokata migomba tu, na kamera haikuweza kuyatenganisha.

Haikuweza kuwatenganisha watu pia. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa bwana mkubwa wa wilaya ndogo ya Rusumo upande wa Rwanda, alikuwa Benaco kama mkimbizi mwingine yeyote. Mwandishi wa BBC, Fergal Keane, alimkuta humo mwaka 1994 akamhoji mbele ya kamera juu ya mauaji ya kanisani Nyarubuye. Yeye alikana. Alikamatwa mwaka 2001 mkoani Kigoma. Mahakama ya Kimataifa kwa ajili ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 30 mwezi wa Juni 2004, na mwaka 2006 rufaa ikakifanya kifungo cha maisha. Ungepiga picha ya foleni ya chakula siku ile, ungeona wahitaji tu. Ndivyo zilivyoonekana picha nyingi zilizotoka Benaco kwenda duniani.

Miongoni mwa waliopiga picha pale alikuwapo Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki Paris mwezi wa Mei 2025. Kabla ya kushika kamera alikuwa mchumi, akifanya kazi katika Shirika la Kimataifa la Kahawa, London. Wapo waliomlaumu kwamba anaifanya shida ipendeze mno, na mimi nilipoziona picha zake za Benaco nilikubaliana nao nusu. Moshi wa kuni ule, niliokohoa ndani yake kwa wiki nzima, kwake umekuwa kama ukungu wa mbinguni. Hata hivyo picha zake zina jina lake, mahali na mwaka. Mtu aliweza kumfuata na kumuuliza, "Wewe ulisimama wapi?" Naye aliulizwa sana, akajibu sana, mpaka katika filamu ya mwaka 2014 aliyotengeneza mwanawe pamoja na Wim Wenders, ambamo anaeleza jinsi mambo ya Rwanda yalivyomvunja moyo.

Arusha nako kulinifundisha jambo. Mauaji yenyewe, yaani kitendo cha kuua, yalinaswa na kamera mara chache mno. Mpiga filamu Mwingereza, Nick Hughes, alikuwa juu ya jengo la shule ya Kifaransa huko Kigali mwezi wa Aprili 1994, akanasa kwa mbali watu wakiuawa barabarani ng'ambo ya bonde. Filamu hiyo ilitumika kuwa ushahidi Arusha. Lakini filamu haikwenda kizimbani peke yake. Hughes mwenyewe alifika kueleza. Mahakimu walitaka mtu anayeweza kusema nilikuwa pale, nilisimama juu ya jengo hili, siku hii, na anayeweza kubanwa kwa maswali mpaka atoke jasho.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti ya akili mnemba na penseli yangu ya Biharamulo. Mashine haikuwapo Rusumo. Haikusimama popote. Imelishwa picha zilizokusanywa kutoka kwenye intaneti pamoja na maelezo yake. Mkusanyo mmoja maarufu uliotolewa mwaka 2022, uitwao LAION-5B, una orodha ya picha zaidi ya bilioni 5. Ukiiambia mkimbizi wa Afrika, inakupa wastani wa wakimbizi wote waliowahi kupigwa picha na wageni. Mwaka 2023 watafiti waliandika katika jarida la Lancet Global Health jinsi walivyojaribu kuiagiza programu ya Midjourney itoe picha ya madaktari Waafrika weusi wakiwatibu watoto wa kizungu. Karibu kila mara ilileta watoto weusi. Ilikuwa imejifunza kwetu, yaani kwa sisi tuliozoea kupiga upande mmoja tu. Mwaka huo huo Mjerumani Boris Eldagsen alipata tuzo katika mashindano makubwa ya picha ya Sony kwa picha iliyotengenezwa hivyo, akaikataa ili watu wajadili. Majadiliano hayo nayaachia wakubwa. Mimi linalonitisha ni jingine: siku moja mtu aliyefanya kama walivyofanya wale wa Nyarubuye ataonyeshwa picha ya kweli, naye atatabasamu na kusema imetengenezwa na mashine. Gacumbitsi mwaka 1994 alikuwa na neno moja tu la kujitetea, sikufanya. Wa kesho atakuwa nayo mawili.

Hayo yote nilimweleza mjukuu wangu, na bado nilikuwa sijamjibu. Maana alikuwa ameshika picha yangu mkononi.

Katika picha hiyo yumo mama mwenye mkeka na chungu kichwani, mtoto mgongoni, na mtoto wa pili pembeni akivuta dumu la njano. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara na kamera yangu ya Zenit. Alipokuwa anapita, lori lilikatiza mbele yangu, na nilipofyatua nilijua nimekosa. Mkanda ulikuwa ghali na picha zilizobaki hazikuzidi nne. Nilimwita mama yule kwa Kihangaza. Nilimwambia arudi nyuma, hadi pale kwenye jiwe, apite tena. Alikuwa amekwisha tua mzigo. Alinitazama, akaitazama kamera, akajitwika upya, akarudi pamoja na yule mtoto, akapita tena. Nadhani alifikiri mimi ni miongoni mwa wanaoandikisha majina ya watu kwa ajili ya chakula. Sikumsahihisha.

Picha ilitoka safi. Mtu wa shirika moja, ambalo sitalitaja, aliinunua nakala kwa fedha ambazo siku hizo niliziona nyingi. Mwaka uliofuata niliikuta kwenye kalenda iliyotundikwa ofisini kwa watu, Mwanza. Jina langu halikuwapo, na maelezo yalisema ni kambi ya nchi nyingine. Kwa miaka mingi nimesimulia kisa cha kalenda hiyo kama kisa cha kudhulumiwa kwangu, na wasikilizaji wangu wamekuwa wakinipa pole. Habari ya jiwe sikuwahi kumsimulia mtu.

Siku hiyo nilimsimulia mjukuu. Nilitegemea aniulize kama picha iliyopangwa bado ni ya kweli, na nilikuwa nimejiandaa kumjibu kwamba mama alikuwa wa kweli, mzigo ulikuwa wa kweli, na barabara ile anaweza kwenda kuiona hata kesho. Hakuuliza hilo. Aliuliza, "Aliitwa nani?"

Nilimwambia kwamba sikumwuliza.

Alinyamaza. Nje mvua za masika zilikuwa zimeanza kudondoka, mke wangu akatuita tuanue mahindi. Tuliporudi nilimwomba kalamu, kwa sababu yangu haikuwa na wino, nikaigeuza picha. Nyuma palikuwa patupu kwa miaka 30. Muhuri wa studio niliuacha Biharamulo. Niliandika: Benaco, Ngara, Mei 1994. Nikaandika jina langu. Chini yake nikaandika kwamba mama huyu alirudishwa nyuma na mpiga picha ili apite mara ya pili, akiwa na mzigo wake, na kwamba jina lake halikuulizwa. Mwezi wa Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao kupitia daraja lile lile, karibu laki tano katika mwezi mmoja. Kama alikuwa hai bado, yumkini alikuwa kati yao. Hilo sikuliandika, kwa kuwa silijui.

Mjukuu aliipiga picha kwa simu yake, upande wa mbele na upande wa nyuma, akanirudishia, nikaiweka ndani ya bahasha.