Mbuzi Kwenye Gunia la Kompyuta

Programu ya kompyuta inapozimwa, yote iliyokuwa nayo kichwani hupotea, isipokuwa yale yaliyowekwa mahali pa kudumu. Wiki hii tutazame jinsi wataalamu walivyolitibu tatizo hilo, na jinsi dawa yenyewe ilivyozaa ugonjwa.

Mwaka 1967, nchini Norway, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliunda lugha ya Simula 67. Humo programu ilijengwa kwa "vitu". Akaunti ya benki, kwa mfano, ni kitu chenye salio lake na chenye kujua namna ya kuweka na kutoa fedha. Lakini akaunti imeshikana na mteja, na mteja na akaunti nyingine. Kuhifadhi mtandao kama huo si sawa na kuandika orodha ya namba.

Miaka ya 1970, watafiti wa kampuni ya Xerox huko California waliunda lugha ya Smalltalk. Wao walihifadhi kumbukumbu yote kwa mkupuo mmoja. Mtu akiwasha tena, anaendelea pale alipoachia. Kompyuta zilipoanza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, ilibidi vitu vitumwe kimoja kimoja. Mwaka 1997, kampuni ya Sun Microsystems ilitoa toleo la 1.1 la Java. Mwandishi wa programu alitangaza tu kwamba kitu chake kinaweza kuhifadhiwa, na Java ikakifungasha pamoja na vyote vilivyoshikana nacho. Upande wa pili, kifurushi kilifunguliwa na vitu vikafufuka.

Urahisi huo ulikuwa na gharama. Kifurushi chenyewe ndicho kilichotaja vitu vya kufufuliwa, na vingine hufanya kazi papo hapo vinapofufuka. Mpokeaji alifungua kwanza, akakagua baadaye. Januari 2015, Chris Frohoff na Gabriel Lawrence walionyesha nchini Marekani kwamba mtu aliye mbali anaweza kutunga kifurushi kinachoifanya mashine ya mwenzake itii amri zake, kwa kutumia programu zilizokuwamo humo tayari.

Mwaka 2017, Java 9 ilikuja na kichujio cha kukataa vitu visivyotarajiwa. Mwaka 2018, Mark Reinhold, msanifu mkuu wa Java, alisema hadharani kwamba uamuzi wa 1997 ulikuwa kosa kubwa.

Njia iliyo salama zaidi ni kupokea taarifa tupu, kuzikagua, kisha kuunda vitu mwenyewe. Wazee walituonya zamani tusinunue mbuzi kwenye gunia. Kompyuta zinazotunza fedha na siri za watu nazo zinastahili onyo hilo.