Faragha na usalama wa mtoto mtandaoni: Mbeya na Iringa

Usalama wa mtoto mtandaoni ni ulinzi wa mtu aliye chini ya miaka 18 dhidi ya madhara yanayomfikia kupitia simu, kompyuta na intaneti: kurubuniwa kimapenzi, kutishiwa kwa picha za utupu, kutapeliwa, kuonyeshwa asichopaswa kukiona, na kuanikwa. Hilo la mwisho husahaulika haraka kuliko yote. Historia ya Nyanda za Juu Kusini, na hasa ya Mbeya, inaonyesha kwamba anayemwanika mtoto mara nyingi ni mtu mzima mwenye dhamana naye.

Video mbili

Septemba 2016, katika Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya, wanafunzi wa ualimu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha walimpiga kijana wa kidato cha tatu ndani ya ofisi ya walimu. Walikuwa kadhaa kwa mmoja. Mtu aliyekuwamo alirekodi kwa simu. Tukio lilikaa kimya hadi mwanzoni mwa Oktoba, video ilipoanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Hapo ndipo mambo yalipokwenda mbio: Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, aliagiza wahusika wafukuzwe vyuoni mwao, na polisi wakaingia kazini. Bila video ile pengine habari ingezikwa palepale ofisini. Lakini pamoja na kipigo, uso wa kijana na jina lake navyo vilizunguka nchi nzima.

Oktoba 2019 ikaja ya pili. Katika Shule ya Sekondari Kiwanja, wilayani Chunya, mabweni yaliungua moto, na wanafunzi waliotuhumiwa kumiliki simu kinyume cha taratibu za shule ndio walionyooshewa kidole. Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, Albert Chalamila, alifika shuleni, akawalaza chini wanafunzi 14 na kuwachapa viboko kwa mkono wake, kamera zikiwaka. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kuchapa viboko visivyozidi vinne. Mkuu wa mkoa hatajwi popote. Watetezi wa haki za binadamu walipinga. Rais John Magufuli, aliyekuwa ziarani ukanda huohuo siku chache baadaye, alimpongeza hadharani na kuona hata viboko vilikuwa vichache.

Mjadala wote ulihusu viboko. Wachache mno waliuliza kuhusu video yenyewe. Vijana walioadhibiwa kwa sababu ya simu walisambazwa wakiwa wamelala kifudifudi, kwa simu hizohizo, na watu ambao hakuna aliyewanyang'anya zao. Hata kama baadhi yao walishatimiza miaka 18, walikuwa wanafunzi chini ya uangalizi wa shule. Video ya 2016 ilichukuliwa kwa kificho. Ya 2019 ilichukuliwa waziwazi, mkubwa mwenyewe akiwa ndiye mhusika mkuu. Kwa faragha ya mwanafunzi matokeo hayakutofautiana sana.

Mzazi mwenye haki ya kuchungulia

Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Tanzania iliuridhia 2003, una kifungu cha 10 kinachostahili kusomwa polepole. Kinampa mtoto haki ya faragha katika familia, makazi na mawasiliano yake, kisha kinaongeza kwamba wazazi na walezi wana haki ya kumsimamia kwa kiasi. Hilo neno "kiasi" ndilo lenye kazi. Baba anayeangalia kama binti yake wa miaka 10 anaandikiana na watu asiowajua hajavuka mpaka. Anayesoma kila ujumbe wa kijana wa miaka 17, kisha akausimulia kwa ndugu jamaa, huyo ameuvuka zamani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuingia kwenye mpaka huo. Inamtaka mzazi amlinde mtoto dhidi ya ukatili, udhalilishaji na hatari za kimwili na kimaadili, basi.

Lakini sheria inadhani mzazi yupo. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakifikia asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, viwango vilivyokuwa juu kuliko mikoa mingine yote. Nyuma ya takwimu hizo wapo watoto waliolelewa na bibi. Bibi wa wilaya ya Kilolo, Iringa, mwenye kitochi cha kupigia na kupokea pesa anaambiwa amsimamie mjukuu aliyenunua simu janja ya mtumba kwa hela ya vibarua. Amsimamie vipi? Akiona mwanga wa simu usiku chini ya blanketi atagomba, na hapo uwezo wake umefika mwisho. Mjukuu huyohuyo, kama anatumia dawa za kufubaza virusi, ana siri moja ambayo picha ya kadi yake ya kliniki ikirushwa kwenye kundi la darasa haitarudi tena.

Iringa imejulikana kwa miaka mingi pia kama mkoa unaotoa wasichana wa kazi za ndani kwenda Dar es Salaam na miji mingine. Zamani ilimbidi dalali afike kijijini na kukaa na wazazi, walau aonwe sura. Simu imemwondolea safari hiyo.

Kuna jambo jingine la kila siku. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze Mei 2019, na laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa baada ya 20 Januari 2020, laini iliyomo mkononi mwa mtoto ni ya mtu mwingine kwenye kumbukumbu: mama, kaka, mjomba. Mtandao unamwona kama mtu mzima. Sharti la miaka 13 la majukwaa makubwa, ambalo chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, mtoto hulivuka kwa kuandika mwaka wa uongo.

Mkono wa serikali

Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika 1 Septemba 2015, inaharamisha kuchapisha na kusambaza picha za ngono za watoto, na adhabu yake ni kali. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka watoa maudhui wahakikishe watoto hawafikii yaliyokatazwa, zikaagiza pia kamera za ulinzi kwenye intaneti kafe. Agizo hilo la mwisho ni la ajabu kidogo: ili mtoto alindwe, kila anayeingia kafe arekodiwe, mtoto akiwemo. Msimamizi wa kanuni hizo, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ana ofisi ya kanda jijini Mbeya.

Mwaka 2022 taasisi za ECPAT, INTERPOL na UNICEF zilitoa utafiti kuhusu Tanzania. Ulikuta kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono wa wazi kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja, makadirio ya watoto 200,000 nchi nzima. Wengi hawakutoa taarifa polisi wala kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto inayoendeshwa na shirika la C-Sema. Sababu haihitaji mtaalamu: anayekwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi anaogopa kwamba kabla hajafika nyumbani mtaa mzima utajua, na video yake itakuwa imepewa jina ambalo vijana huwapa video zote zilizovuja, koneksheni.

Ulinzi wa watoto na maadili umetumika pia kwa mambo mapana zaidi. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Waziri wa Mawasiliano, Jerry Silaa, alisema sababu ni picha za ngono. Wakosoaji walitazama kalenda, kwa kuwa uchaguzi mkuu ulikuwa Oktoba, na siku ya kupiga kura, tarehe 29, intaneti yenyewe ilizimwa kwa siku kadhaa. WhatsApp, inakopita koneksheni, ilibaki wazi Mei ile.

Taarifa za mtoto

Julai 2013 Mbeya ulikuwa mkoa wa kwanza kuanza mpango wa kusajili vizazi vya watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) iliuendesha kwa msaada wa UNICEF, na kampuni ya simu ya Tigo ikashiriki. Msajili alijaza cheti kwa mkono, akampa mzazi bila malipo, kisha akatuma taarifa kwa simu hadi kanzidata ya RITA. Baadaye mpango ukafika Iringa na Njombe. Ilikuwa kazi njema: watoto waliokuwa hawahesabiki wakapata karatasi. Ila majina yao na ya wazazi wao yalisafiri kwenye mitambo ya simu miaka 10 kasoro kabla nchi haijawa na sheria ya kulinda taarifa hizo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika 1 Mei 2023. Inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024.

Watoto wakubwa kabisa katika daftari lile la kwanza walizaliwa katikati ya 2008. Kuanzia katikati ya 2026 wanatimiza miaka 18, na kwa mara ya kwanza wanaweza kwenda kwa wakala kusajili laini kwa majina yao wenyewe.