Faris, Shujaa na Knight: Maana ya Neno na Hukumu Yake

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Mwanafunzi anaposoma mlango wa ngawira katika vitabu vya fiqhi hukutana na neno faris. Wapo wanaolifasiri "shujaa", na waliosoma Sira kwa Kiingereza huliona limeandikwa knight. Hapo baadhi yetu hudhani kwamba faris alipewa fungu kubwa kwa ajili ya ushujaa au cheo chake. Dhana hiyo si sahihi, nasi tumeona ni wajibu kuieleza asili ya maneno haya.

Faris limetokana na faras, neno lile lile lililotupatia "farasi" katika Kiswahili. Kwa hiyo faris ni mpanda farasi, na aliye mkabala wake ni rajil, yaani mwenye kupigana kwa miguu. Shujaa ni neno jingine la Kiarabu, nalo hutaja sifa ya moyo. Mtu aweza kuwa faris na asiwe shujaa, na aweza kuwa shujaa naye hana hata punda.

Tuangalie hukumu yenyewe. Baada ya kutolewa khumsi, kama ilivyotajwa katika Suratul Anfal aya ya 41, sehemu nne zinazobaki hugawiwa wapiganaji. Katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimwekea farasi hisa mbili na mwenyewe hisa moja. Kwa hadithi hii Maimamu Malik, Shafii na Ahmad wamesema faris ana hisa 3 na rajil ana hisa 1. Imamu Abu Hanifa yeye alisema faris ana hisa 2, kwani hakuona vyema mnyama apewe zaidi ya Muislamu. Lakini wanafunzi wake wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, walikwenda na kauli ya wengi. Ndugu msomaji, zingatia kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya hisa ya farasi. Hakuna aliyepima ushujaa wa mtu.

Dalili iliyo wazi zaidi ni kisa cha Salama bin al-Akwaa (r.a.) katika vita vya Dhi Qarad, alichokipokea Imamu Muslim. Wavamizi walipoteka ngamia wa Mtume (s.a.w.), Salama aliwafukuza mbio kwa miguu yake, akiwatupia mishale, mpaka akawaokoa ngamia wale. Mtume (s.a.w.) akamsifu Abu Qatada kuwa mbora wa wapanda farasi siku ile, na Salama kuwa mbora wa waendao kwa miguu. Kisha akampa Salama hisa ya faris pamoja na hisa ya rajil. Lau faris maana yake ingekuwa shujaa tu, sifa hizi mbili zisingetenganishwa.

Ama knight, asili yake ni neno la Kiingereza cha kale, cniht, lililokuwa na maana ya kijana au mtumishi. Ndugu yake katika Kijerumani, Knecht, mpaka leo ni mtumishi. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, neno hilo likaja kuwa la askari anayemtumikia bwana wake juu ya farasi, kisha likawa cheo. Wafaransa husema chevalier, kutokana na cheval, yaani farasi, na Wajerumani husema Ritter, yaani mpandaji. Hawa ndio waliokaribiana na faris. Leo cheo cha Uingereza hakihitaji farasi: mwaka 2017 alipewa Mo Farah, Muislamu mwenye asili ya Kisomali, naye sifa yake ni kukimbia kwa miguu.

Kwa asili yake, cniht linafanana zaidi na neno la Kiarabu fata, yaani kijana. Qur'ani imewaita hivyo Nabii Ibrahim (a.s.) katika Suratul Anbiyaa aya ya 60, na vijana wa Pangoni katika Suratul Kahf aya ya 13, na katika aya ya 60 ya sura hiyo hiyo, fata ni yule aliyemhudumia Nabii Musa (a.s.) safarini. Kutokana na fata likaja futuwwa, murua wa vijana, ambao Khalifa an-Nasir wa Baghdad, aliyetawala 1180 hadi 1225, aliusimamia mwenyewe.

Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), aliandika kitabu juu ya furusiyya, akaigawa mafungu mawili: ya elimu na hoja, na ya mishale na mikuki. Fungu la kwanza liko wazi kwa kila mmoja wetu, lakini halipatikani kwa anayebeba maneno bila kuyachunguza. Basi tunawanasihi maimamu na wanafunzi: mnapofasiri faris katika hukumu, semeni "mpanda farasi". Ushujaa utajeni pale ulipotajwa.

Wallahu a'lam.