Matanga (Morogoro)

Matanga ni siku ambazo ndugu, majirani na marafiki hukaa na wafiwa baada ya mazishi. Kwa kawaida huwa siku 3, kisha tanga huanuliwa. Waislamu wengi husoma pia hitima ya arobaini, na mjane hukaa eda ya miezi 4 na siku 10.

Mfano ni Mafiga, kata ya Manispaa ya Morogoro, ambako watu wa makabila na dini mbalimbali huzikana bila kuulizana asili. Turubai hufungwa mbele ya nyumba, wanaume wakakaa nje kwenye viti vya kukodi, wanawake ndani kwenye mikeka. Uani, kina mama huchagua mchele na kuinjika masufuria makubwa. Karibu na mlango hukaa mtu mwenye daftari la rambirambi, akiandika jina na kiasi. Daftari hilo hutunzwa vizuri, maana msiba ukihamia kwa jirani, nalo hufunguliwa.

Kinachoyapa matanga ya Waluguru, wenyeji wa Morogoro, sura yake ni utani. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na utani wao upo kati ya koo, mabinamu na hata makabila. James Christensen aliueleza mwaka 1963 katika jarida la American Anthropologist. Mtani haji msibani kama mgeni. Hushika kazi za mazishi ambazo mfiwa hawezi kuzifanya kwa uchungu, na papo hapo huigiza mwendo wa marehemu, hudai madeni ya uongo, huzuia njia mpaka apewe chochote. Wanaouona utani huo kuwa utovu wa adabu wanakosea: mtani humruhusu mfiwa acheke huku machozi hayajakauka, na hakuna mwingine mwenye haki hiyo.

Matanga hubaki ya mtaa hata msiba ukiwa wa taifa. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipinduka na kulipuka Msamvu, mjini Morogoro, watu wakiwa wamekusanyika kuchota petroli. Waliokufa walipindukia 100. Rais John Magufuli alitangaza siku 3 za maombolezo ya kitaifa, bendera zikapepea nusu mlingoti, na wengi walizikwa makaburi ya Kola. Serikali ilisimamia mazishi, lakini matanga yalikaliwa majumbani, mtaa kwa mtaa.

Ukifika matangani kwa Waluguru ukamkuta mtu amevaa shati la marehemu akikudai nauli ya kwenda ahera, usikasirike. Mpe ulichonacho, kisha ingia ukawape pole wafiwa.