Waliokuwa Chini ya Maporomoko ya Kihansi

Nilifundisha baiolojia mkoani Morogoro miaka ile ya mgawo wa umeme, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukame ulikuwa umeyapunguza mabwawa, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne walijisomea kwa koroboi mpaka puani wakatoka masizi. Kwa hiyo simlaumu hata mmoja aliyeutaka mradi wa umeme wa Kihansi. Niliutaka mimi pia.

Mto Kihansi hutoka milima ya Udzungwa, na kabla ya kufika bonde la Kilombero huanguka korongoni kiasi cha mita 850. Mhandisi akiona mteremko ule anaona megawati, na ana haki. Ujenzi ulianza katikati ya miaka ya 1990 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ukazaa mtambo wa megawati 180.

Lakini maji yale yalikuwa na kazi nyingine tangu zamani. Yakipiga miamba yalirusha manyunyu mchana na usiku, masika na kiangazi, na kandokando ya maporomoko pakawa na majani yaliyolowa siku zote. Makazi hayo yote hayazidi sana hekta 2. Humo, mwaka 1996, ujenzi ukiwa tayari unaendelea, watafiti akiwemo Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakamkuta chura wa rangi ya manjano ambaye hajapata kuonekana penginepo duniani. Wanasayansi wakamwita Nectophrynoides asperginis. Sisi tunamwita chura wa Kihansi.

Jike mkubwa hafiki sentimita 3. Ukutani darasani nilikuwa na chati ile inayojulikana na kila mwalimu: yai, kiluwiluwi, chura. Huyu hafuati chati. Jike hubeba mimba na kuzaa vyura kamili, wadogo kuliko punje ya mchele, na akikaribia kuzaa watoto huweza kuonekana kupitia ngozi nyembamba ya tumbo. Nilipowaeleza wanafunzi, walinyamaza, kisha wakauliza maswali mpaka kengele ikapigwa. Sikuwahi kupata somo zuri kama lile.

Mtambo ulipowashwa, takribani asilimia 90 ya maji ikageuzwa kuingia kwenye handaki. Manyunyu yakakatika, majani yakanyauka, vyura wakapukutika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa wakapelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, na baadaye Toledo nayo ikawatunza. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji, na kweli yakasaidia: kufikia katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kuwa kama 20,000. Kisha, ndani ya muda mfupi mno, wakaanguka tena. Ugonjwa wa kuvu wa ngozi, uliokwisha kuua vyura sehemu nyingi za dunia, ulikutwa kwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini.

Waliosalia walikuwa wale wa ughaibuni, ambao nao wakati fulani walipungua wakabaki kama 70 tu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam na kutunzwa chuo kikuu, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachiwa tena Kihansi.

Vijiweni nimesikia mara nyingi watu wakiuliza: vyura au umeme? Naliona swali hilo halina haki kwa upande wowote. Tathmini ya mazingira ilifanywa mapema, ila haikuingia vya kutosha ndani ya korongo, na chura alipoonekana zege lilikuwa linamwagwa. Kila kilichofuata, mabomba, ndege, maabara, kilikuwa gharama ya kuchelewa kutazama. Na hekta zile hazikuwa za chura peke yake: hata mti wa kahawa wa mwituni, Coffea kihansiensis, uligunduliwa humohumo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ikamilike kabla mradi haujaanza, na inampa mwananchi nafasi ya kutoa maoni. Wewe unayeishi karibu na mto unaopimwa leo, nenda kwenye mkutano wa kutoa maoni, uwaambie wataalamu ulichokiona majini na kwenye majani yake. Nenda kabla tingatinga halijafika.